Bia Nyepesi, Maneno Mazito

Mwezi huu naomba unisamehe mapema. Ukurasa huu umezoea kuongelea wachumba, waume, wake na visa vya mawifi. Leo naongelea ndoo moja ya lita 25 iliyokaa kwenye gereji ya nyumba fulani mjini Burton upon Trent, Uingereza. Naongelea pia kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja, ambaye kwa mwaka mmoja na miezi mitano tulikuwa hatuongei.

Najua tayari kuna mtu anasema, huyu mhariri kaishiwa mada, sasa anataka kutufundisha kupika pombe. Tulia shoga. Kupika nitakufundisha kweli, hatua kwa hatua, lakini ukifika mwisho utaona kwa nini imenibidi niandike.

Tuanzie Moshi. Desemba 2022, kama Wachaga wote wanaojiheshimu, tulipanda nyumbani Machame kula Krismasi. Baba alifariki 2019, mama anaishi pale pale kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa, kaburi la baba liko hatua chache kutoka mlangoni. Kaka ndiye mtoto wa kiume pekee. Mimi ni kitinda mimba. Siku mbili baada ya sikukuu, mbele ya baba wakubwa na baba wadogo, kaka akatangaza kwamba amepata mteja wa sehemu ya chini ya kihamba. Hakuwa ameniambia mimi, hakuwa amemwambia hata mama.

Nilisimama. Mimi na shahada yangu ya mawasiliano, mtu ninayelipwa kuchagua maneno, nikasema: “Mtu anayekuja nyumbani mara moja kwa miaka mitatu hana haki ya kuuza mahali alipolala baba.”

Hakuna aliyejibu. Kaka aliweka glasi yake chini taratibu, akatoka nje. Kesho yake asubuhi alikwenda KIA kupanda ndege bila kuniaga. Mauzo yalikufa, na undugu nao ukaingia baridi. Kuanzia hapo ilikuwa ni meseji za kikazi tu: “Dawa za mama zimefika?” “Zimefika.” Basi.

Mwezi wa tano 2024 nikapata nafasi ya kozi fupi ya uhariri mjini Derby, wiki sita. Derby na Burton ni dakika chache tu kwa treni. Nikaanza kutafuta chumba cha kupanga, kimya kimya. Mama akasikia, sijui kwa nani. Akanipigia. “Utafikia kwa kaka yako. Kupanga ni kwa watu wasio na ndugu.” Akakata simu.

Kaka alinifungulia mlango mwenyewe. “Umefika.” “Nimefika kaka. Shikamoo.” “Marahaba. Pole na safari.” Akabeba begi langu hadi chumbani, akashuka, akaingia gereji. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku tatu za kwanza.

Aliyevunja ukimya ni wifi yangu. Ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, hana muda wa kuzungukazunguka. Ijumaa jioni akanivuta jikoni. “Wifi, wiki ya sita ya kukaa kwako sisi tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Watakuja watu kama 20. Kaka yako anataka wanywe bia aliyoipika yeye. Na bia ya kaka yako, wifi, hainyweki.”

Nikashangaa. Kaka anapika bia?

Kumbe anapika tangu 2020, mwaka ule watu walipofungiwa ndani. Kule ni jambo la kawaida. Uingereza mtu anaruhusiwa kupika bia ya kunywa kwake bila leseni tangu 1963. Kuuza ndiyo habari nyingine. Marekani walisubiri hadi 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyoanza kutumika mwaka uliofuata. Leo wazungu wanapika gerejini kama sisi tunavyofuga kuku uani.

Tatizo ni kwamba marafiki wa kaka ni Wabongo, Wakenya na Waingereza wa kazini kwake, na wote ni watu wa laga. Wa moja baridi. Kaka yeye alikuwa anawapa eli nyeusi, nzito, chungu, isiyo na gesi, ya uvuguvugu. Mmoja alimuuliza, “Mangi, hii ni bia au dawa ya kikohozi?” Tangu siku hiyo wageni wakawa wanakuja na makreti yao. Yeye anasema hawajui bia, wao wanasema hajui watu. Nilipoonja, nilikuwa upande wa watu.

Basi Jumamosi asubuhi nikamfuata gerejini. Nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamuuliza swali la kwanza lililonijia: “Kaka, kwa nini usiwapikie laga yenyewe, yaishe?”

Akanitazama. Halafu, msomaji wangu, kaka yangu akaanza kuongea. Sentensi yake ndefu ya kwanza kwangu baada ya miezi 17 ilikuwa juu ya hamira.

Alinieleza hivi. Tofauti ya laga na eli haiko kwenye rangi, iko kwenye hamira na joto. Hamira ya laga inataka baridi, kama nyuzijoto 10 hivi, halafu bia ikae wiki kadhaa karibu na sifuri ili itulie. Jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la kuhifadhi. Bia ile ya rangi ya dhahabu tunayoiona leo duniani kote ilianzia mji wa Plzeň, nchi inayoitwa sasa Cheki, mwaka 1842, na mpishi wake alikuwa Josef Groll. Mtu asiye na friji kubwa ya kuhifadhia ndoo nzima, laga itamtesa. Hamira ya eli haina makuu. Kwenye nyuzijoto 18 inafanya kazi yake wiki mbili, imemaliza.

“Sasa si uipike eli inayofanana na laga?” nikasema.

“Ipo,” akajibu, kama mtu aliyekamatwa. “Wajerumani wa Cologne wanayo ya kwao, Kölsch. Inapikwa kwa hamira ya eli, halafu inalazwa kwenye baridi. Nyeupe, nyepesi. Ila mimi siipendi.”

“Kaka, wewe unaalika watu 20 au unajialika mwenyewe?”

Nilipomaliza kusema nikajiuma ulimi. Ulimi wangu ule ule. Lakini safari hii alicheka. Kidogo, kwa pua, ila alicheka.

Sasa chukua kalamu. Hivi ndivyo tulivyoipika, lita 20, na nimeiandika ili hata dada asiyewahi kugusa sufuria ya pombe aelewe.

Mtu wa laga anataka vitu vitano: rangi ya majani makavu, gesi ya kutosha, uchungu mdogo, ukavu mdomoni baada ya kumeza, na ubaridi. Kila hatua inatumikia hivyo vitano. Tulichukua kimea cha shayiri cheupe, kile kinachoitwa cha Pilsner, kilo tatu na nusu. Tukaongeza nusu kilo ya mahindi yaliyobondwa bapa. Usicheke mahindi. Laga nyingi za viwandani zinatumia mahindi au mchele kwa sababu hiyo hiyo: yanaipa bia nguvu bila kuiongezea uzito.

Maji nayo yalikuwa na kesi yake. Burton ilipata jina karne ya 19 kwa bia chungu za rangi ya kaharabu, kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na jasi inausukuma uchungu wa hopsi mbele. Ni sifa nzuri kwa bia zile, siyo kwa hii yetu. Maji ya bombani kwa kaka nayo yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Tukachanganya nusu ya bomba na nusu ya maji laini ya dukani.

Kimea na mahindi vikaingia kwenye lita 12 za maji moto, tukakoroga hadi joto la mchanganyiko likatulia kwenye nyuzi 65. Hapo unafunika kwa blanketi na kusubiri dakika 60. Ndani humo vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Kama umewahi kunywa togwa, umeshaelewa. Ni togwa ile ile, wamebadilisha nafaka tu.

Dakika 60. Gereji ndogo, viti viwili vya plastiki, kipimajoto kimoja, mlango umefungwa joto lisitoroke. Hakuna pa kukimbilia.

Dakika kama kumi zilipita. Kaka, bila kunitazama, akasema: “Ulinisema mbele ya ukoo.”

“Na wewe ulitaka kuuza bila kuniambia.”

“Ningekuambia nini?”

“Ukweli.”

Akavuta pumzi. “Ukweli ni kwamba 2021 nilipunguzwa kazini. Miezi minane tuliishi kwa mshahara wa wifi yako na mikopo. Na kila mwezi nilituma hela za dawa za mama, sikuruka hata mmoja. Deni likafika mahali silali. Sasa niseme nini nyumbani? Kule mnajua kaka yuko Ulaya.”

Sikujua. Msomaji, naapa sikujua. Mimi nilikuwa na picha ya nyumba ya matofali mekundu na gari mlangoni, nikaona mtu mwenye tamaa. Nikasema, “Ungeniambia hivyo hivyo, kaka, ningekuelewa.”

“Ungenielewa mbele ya nani?”

Hilo lilinikaa kooni. Nikamwambia na la kwangu, maana nalo lilikuwepo. Kwamba mama akizidiwa ni mimi ninayepanda basi Mbezi alfajiri na kuomba ruhusa kazini. Kwamba kila Desemba yeye anapokelewa kama mgeni wa heshima, mimi nipo jikoni. Kwamba waliposema mteja amepatikana, hakuna hata mzee mmoja aliyenigeukia kuuliza naonaje, wakati sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila haiwezi kumnyima mwanamke haki ya ardhi. Niliongea mpaka machozi yakatoka, siyo ya huzuni, ya hasira iliyokaa muda mrefu.

Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaruka kama aliyeungua. “Joto!”

Tulikuwa tumesahau kipimajoto. Lilikuwa limeshuka hadi 63. Kaka akashika kichwa, bia imeharibika. Baadaye tukagundua ilikuwa bahati. Joto likiwa chini kidogo, sukari inayotoka ni ile ambayo hamira inaila karibu yote, na bia inabaki kavu na nyepesi. Ndicho walichokuwa wanakitaka watu wa laga.

Tukachuja, tukasuuza machicha kwa maji moto hadi tukapata lita 25 hivi za togwa yetu, tukainjika. Hapa zingatia: chemsha saa nzima bila mfuniko. Kimea hiki cheupe ukikifunika, bia inabaki na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Na usiondoke, itafoka na kuzima jiko. Mara tu ilipochemka tuliweka hopsi gramu 30 za aina ya Saaz, zile za upole, kwa ajili ya uchungu. Dakika tano za mwisho tukaongeza gramu 15 kwa ajili ya harufu. Kaka mkono ulimwasha kuongeza. Nikaushika.

Katikati ya kuchemsha mama akapiga simu ya video. Kaka akapokea, nikaingiza kichwa. Mama alipoona sura mbili kwenye kioo kimoja alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, “Mnapika nini nyie?”

“Pombe, mama.”

“Mmeweka msesewe?”

Tulicheka wote watatu. Kama hujui, msesewe ni gome la mti linalotiwa kwenye mbege kuipa uchungu. Mama kaipika mbege maisha yake yote: anachemsha ndizi mbivu, anaziacha siku kadhaa, anachuja, anachanganya na uji wa kimea cha ulezi unaoitwa mso. Kwa mama, hopsi ni msesewe wa wazungu, na kwa kweli hakukosea.

Baada ya moto, mchezo ni usafi. Togwa ikishapoa, kila kitu kinachoigusa lazima kiwe kimeoshwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu: ndoo, mfuniko, mwiko, mpira, mikono. Wengi wanaharibu hapa. Tuliipoza haraka hadi nyuzi 18, tukaitia kwenye ndoo, tukanyunyiza pakiti moja ya gramu 11 ya hamira ya eli ile isiyoacha ladha ya matunda, tukafunika na kuweka kijibomba cha maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Kesho yake kikaanza: blup, blup, blup. Mtoto wa kaka akasema, “Shangazi, ndoo inaongea.” Hata ndoo ilikuwa imetushinda kuongea.

Usidhani Jumapili tuliamka marafiki. Wiki ile tulikuwa bado tunapishana kwa adabu. Lakini kila jioni nikitoka Derby, nilimkuta gerejini anapima joto, na nilivuta kiti. Siku nyingine tuliongelea hamira tu. Siku nyingine baba. Kaka alikuwa na kiherehere cha kufungua mfuniko kila saa kuchungulia. Nikamwambia ukiifungua ovyo inaingia hewa na vijidudu, iache. Na mimi nilikuwa na kiherehere cha kumuuliza deni limefika ngapi. Nikajiambia hivyo hivyo, iache.

Baada ya wiki mbili, kipimo cha sukari kikasoma namba ile ile siku tatu mfululizo, maana yake hamira imemaliza kazi. Ni hatua ya usalama, usiiruke. Ukifunga kwenye chupa bia ambayo bado inachacha, chupa zinapasuka na kukata watu. Tukahamishia kwenye ndoo nyingine kwa mpira, taratibu bila kurusha povu, tukachanganya sukari gramu 140 iliyochemshwa kwenye maji kidogo, yaani gramu saba kwa kila lita. Sukari hiyo ndiyo inayozaa gesi chupani. Tumia chupa za bia za kioo kinene, siyo za juisi. Tulipata 38 za nusu lita. Mimi najaza, yeye anabana vizibo, wifi anafuta na kupanga.

Chupa ya ishirini na kitu, kaka akasema, “Ile sehemu ya chini siiuzi. Deni nimeshalipunguza. Hata lisingepungua, siiuzi.”

Nikaweka mpira chini. “Kaka, mimi nilichokisema siwezi kukifuta, nilikimaanisha. Ila pale niliposemea, palikuwa siyo pake. Nisamehe.”

“Yamekwisha,” akasema. “Jaza chupa, povu linamwagika.”

Jioni ile tulikaa na wifi tukapanga mambo yenye namba: dawa za mama nusu kwa nusu kila mwezi, na lolote kuhusu kihamba linaanza kwa mama na mimi kabla halijafika kwa wazee. Na kaka alimwambia mama, kwa mdomo wake, kwamba alikuwa na madeni. Mama alimjibu: “Nilijua. Mtu akikonda kwenye picha mama anaona.”

Chupa zilikaa sehemu ya joto la kawaida wiki mbili, halafu wiki moja kwenye friji. Pombe yake ilikuwa kama asilimia nne na nusu, sawa na laga nyingi tu za baa.

Siku ya sherehe wageni walikuja na makreti kama kawaida yao. Kaka hakutangaza chochote. Alimimina taratibu, akiacha lile tope la chini ya chupa, kwenye glasi baridi. Dhahabu, povu jeupe. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Kaka alionja, akanipa mimi glasi ile ile mbele ya watu wote. Hakuna Mwingereza aliyeelewa. Wifi alielewa, nikaona anageukia dirishani.

Mshikaji mmoja wa Mwanza alimaliza yake, akaangalia glasi. “Mangi, hii laga ya wapi?”

“Ya gereji,” kaka akajibu, na kidevu kimepanda juu.

Saa tatu usiku zilikuwa zimebaki chupa mbili tu, zile nilizokuwa nimezificha. Makreti yao mawili hayakuguswa. Chupa mbili hizo nilizifunga kwenye kitenge ndani ya begi, zikafika Machame salama. Mama alionja, akatafakari. “Nyepesi. Msesewe haujatosha.” Kisha akauliza, “Mlipika wawili?” Nikamwambia ndiyo. Akamaliza glasi.

Kwetu mtu akitaka kuomba msamaha hubeba jani la sale. Burton sikuliona, kwa hiyo tulitumia ndoo. Lakini Desemba 2024 kaka alipokuja Krismasi, nilikata jani la sale mpakani mwa kihamba, nikasimama mbele ya wazee wale wale, kwenye sebule ile ile, nikampa. Nilitukana hadharani, nikaomba radhi hadharani. Halafu nikawaambia wazee kwamba safari nyingine wakizungumzia kihamba na mimi naulizwa. Baba mdogo mmoja alikohoa. Mama akasema, “Mmemsikia.” Tukala.

Sasa nisieleweke vibaya. Siandiki ili asiyekunywa aanze. Kama una mimba, unaendesha gari, hujatimiza miaka 18, au unajua pombe inakuendesha badala ya wewe kuiendesha, pika togwa, shughuli ni ile ile. Anayependa bia asijaribu kuikeneka iwe kali, hiyo ni hatari na ni kosa kisheria, huku kwetu na kule kwao. Na ya nyumbani ni ya kunywa nyumbani, usianze kuuza bila leseni halafu useme mhariri ndiye aliyekutuma.

Ninachokuomba ni kidogo tu. Kama kuna ndugu ambaye hamjaongea, usianze na kikao. Vikao vina wazee, vina maneno makubwa, na kila mtu anakuja na hotuba. Tafuta kazi ya mikono inayochukua muda, ambayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, mkae nayo mahali pamoja. Kupika, kupalilia, kupaka nyumba rangi. Maneno yatakuja yenyewe, na yakija makali mtakuwa na kitu cha kushika mikononi.

Na ukimwalika mtu, mpikie anachokunywa yeye.

Niandikie, uniambie wewe na wa kwako mlipatanishwa na nini. Barua nzuri nitazichapa hapa hapa. Tukutane mwezi ujao, na uwasalimie nyumbani. Wote, hata yule.